Mabati Niliyoezua Mume Wangu Akiwa Safarini

Balambala, Garissa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na wajukuu zako wawili tuko wazima. Mdogo ana kikohozi kidogo na mimi nina usingizi mwingi, basi. Goti lako linaendeleaje? Na ule mfereji wa nyuma ya jiko, mmeuzibua, au mnangoja maji yawaamshe? Mghoi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali.

Barua yenu imefika na lori la kwanza kupita tangu barabara ilipokatika. Mama, umeuliza kama nimeachika. Sijaachika. Unasema huko Taita watu wanasimulia kwamba nimeezua nyumba ya mume wangu nikahamia kwa Wasomali. Kuezua nimeezua kweli. Lakini najua habari hiyo imetoka kwa shemeji yangu Mghanga, na aliiandika kabla maji hayajafika. Ameeleza mwanzo tu.

Mvua ilipoanza, mume wangu Mwakio alikuwa amepeleka mzigo Buna kwa lori. Lori likazama kwenye matope, asiweze kwenda mbele wala kurudi. Redio ikawa inasema mto utajaa kuliko kawaida. Chifu akaita baraza, akataka sisi tunaokaa karibu na Tana tuhamie mwinukoni. Watu wakacheka. Mwaka uliotangulia tulikuwa tunaburuta mizoga ya ng'ombe waliokufa kwa kiu, leo mtu anasimama kututisha na maji!

Jirani yangu Halima hakucheka. Ni yule mama wa Kisomali niliyekuandikia habari zake, aliyenikanda nilipojifungua. Nyumba yao wanaiita aqal: fito zilizopindwa, mikeka juu yake, na mwenye nyumba ni mwanamke. Yeye ndiye anaijenga na yeye ndiye anaibomoa, wala hakuna anayemuuliza. Asubuhi moja nilimkuta amekwisha kuikunja yote, anaifunga mgongoni mwa ngamia.

"Abaayo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita dada, "nyumba yangu iko na miguu. Yako iko na mizizi. Sasa huyu mto akikuja, utampikia chai?"

Nikageuka nikaitazama nyumba yangu. Kuta za udongo zikilowa zinarudi kuwa udongo. Cha kuokoa kilikuwa watoto, unga, na yale mabati ambayo Mwakio aliyaleta moja moja kila safari. Nikaenda kwa Mghanga kuazima nyundo.

"Ya nini?"

"Naezua."

"Nyumba ya kaka yangu, na mwenyewe hayupo?" Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Shemeji, mwanamke akishusha paa la mumewe anawaambia watu kwamba amemaliza. Kama umechoka naye, sema."

"Nimechoka, lakini si naye. Nipe nyundo."

Hakunipa. Alisema amechomeka kijiti ukingoni mwa mto, maji yakikigusa tutahama sote kwa utaratibu. Nikang'oa misumari kwa panga na jiwe, Halima akinishikia ngazi. Ngamia alikataa mabati kwa sababu ya kelele yake, akalala chini kama mtoto aliyenyimwa sukari, ikabidi tuazime mkokoteni, tukamfunga punda wa Halima. Vyeti vya watoto nilivifunga kwenye nailoni, nikajaza mitungi maji safi, maana mafuriko yakija ndipo watu wanakosa maji ya kunywa. Tulipoondoka niligeuka mara moja. Nyumba haikuwa na kichwa. Niliogopa, Mama. Si mto. Niliogopa Mwakio atakaporudi.

Kijiti cha Mghanga hakikuguswa. Maji yalikuja kwa nyuma, kupitia laga, ule mkondo mkavu ambamo watoto hucheza mpira. Nasi sote tulikuwa tukiangalia mbele tu, mtoni. Laga ilipojaa ikawakata waliobaki: maji mbele, maji nyuma. Halima akateremsha punda zake kuwavusha waliokuwa karibu. Mghanga alivuka amelowa hadi shingoni, ameshika mkia wa punda.

"Karibu, mwanaume," Halima akamwambia. "Kijiti anasema nini?"

Hata yeye alicheka, meno yakigongana. Wapo ambao hawakuvuka. Hao sitawaandika, Mghoi bado mdogo.

Kuta zetu zilikwenda zote. Mwakio aliporudi alipitia kwanza pale palipokuwa nyumba, akakuta tope limelala sawasawa kama uji uliopoa. Ndipo akapanda huku juu, akatukuta tumelala chini ya mabati yake, yamelazwa juu ya fito za Halima. Aliwahesabu watoto, kisha akayaangalia mabati.

"Kaka, mkeo huyu..." Mghanga akaanza.

"Nimeona," Mwakio akasema. Akaomba kopo la misumari niliyoiokoa, akakaa kuinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe hadi jua likazama. Mimi nikasonga ugali, nikangoja.

Sasa tumejenga huku huku mwinukoni. Kuta ni za udongo tena. Misumari ile ameipiga kwenye mlango na madirisha, lakini paa hakulipigilia. Amelifunga kwa waya, mafundo yote kwa ndani, chini ya boriti, yafunguke bila nyundo. Alipomaliza aliniita: "Mama watoto, nyoosha mkono. Unafika?"

Nikanyoosha. Nikafika.

Kwa hiyo sirudi, Mama, na usimtume mjomba kuja kunichukua. Mwambie nampenda, lakini abaki azibue mfereji. Nisalimie bibi, na dada aliyeolewa ng'ambo ya mlima, na shangazi, yule aliyesambaza habari yangu. Naomba asambaze na hii pia, hata ikimlazimu kupita nyumba zile zile.

Mwanao aliye mkavu,
Wakesho