Jani yenye pembeni nyeupe

Bunia, jeudi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, naandika mu atelier yangu ya mbao, mulango nimefunga.

Nilimukosea Mama Dorika. Benye munanisomaka hapa ku simu mulijua tu ya kama balimufunga siku mbili. Hamukujua ni nani alipeleka jina yake kwa shefu wa avenue, mukubwa wa barabara yetu. Ni miye.

Ni mama mujane, alikimbia vita kule Kpandroma, anapanga chumba ku parcelle yenye iko karibu na yangu. Alipanda mumea chini ya ukuta yetu. Majani yake iko na vidole tano, pembeni nyeupe kama mutu alipakaa chokaa. Ilipanda ku matofali yenyewe, bila kamba, bila fimbo. Kisha akagawa vipande ku nyumba tatu. Zote tatu ni za batu benye balikimbia toka upande wake.

Ile mwezi quartier nzima ilikuwa inasema adui anatiaka alama ku nyumba mbele ya kushambulia. Nikawaza: zile tatu zitaachwa, zetu zitachomwa.

Sikumuuliza. Chumvi tunaombanaka. Jina ya jani ilinishinda kuuliza.

Nilikata tawi moja, preuve, ushahidi wangu, nikapeleka. Shefu aligeuza jani, akaniangalia.

"Menuisier, mbao unajua. Na majani pia unajua?"

Nikasema najua.

Balimukamata, habakupata kitu kwake, balimuachilia. Lakini lierre baliingoa. Lierre, ndiyo jina yake, nilikuya kuijua nyuma. Tangu pale avenue haimusalimie tena, na mwenye nyumba alimuambia atoke mbele ya dimanche hii, siku ya misa. Kurudi Kpandroma hawezi, kule bado banachoma.

Preuve yangu ilibakia mu chupa ya maji, nyuma ya mbao. Juma iliyopita nikakuta imetoa mizizi, na tawi mupya, kijani tupu. Nyeupe hakuna. Nikashuku tena: nani aliingia humu kunibadilishia? Nikanunua kadenasi, kufuli ya mulango.

Jana niliitwa kutengeneza mulango kwa masoeur, batawa ba kanisa. Ukuta ya nyuma ya jikoni yao, ni jani ile ile, pembeni nyeupe, mpaka ku bati. Nilirudi mbio kuchukua chupa. Nikalinganisha jani kwa jani. Vidole tano. Mizizi mifupi yenye kushika tofali kama miguu ya jongoo. Soeur muzee wa bustani alinikuta nimepiga magoti pale.

"Papa, unaungamia ukuta?"

Nikamuonyesha chupa.

"Hiyo ni lierre yangu. Uliiweka mu giza, ndiyo maana nyeupe ilikimbia. Kata ile tawi ya kijani tupu, itakula nguvu ya ingine. Nilimupa Mama Dorika kipande, alinisaidia kupalilia. Alisema ukuta yao iko uchi."

"Banasema ni alama, ma soeur."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi na siye masoeur tuko na alama. Utatushitaki leo ao kesho?"

Nilirudia ku mulango. Misumari tatu nilipinda.

Njiani nilikuwa bado natafuta kosa ya Mama Dorika. Juu ya nini nyumba tatu tu? Ndipo nikakumbuka. Alibishaga kwangu pia, ile siku ya kugawa, boîte, kopo ya maziwa, mukononi, jani inatokea juu. Nilimuambia muke wangu: sema siko. Alipatia benye balifungua.

Leo asubuhi alinisalimia ku lango. "Papa, mvua hii." Nikamuangalia macho, kutafuta kama anajua. Kama anajua na bado ananisalimia, nitaweka wapi uso?

Hata kujuta kwangu naishuku. Ni juu yake, ao ni juu soeur alinicheka?

Lakini samedi, kesho kutwa, ni salongo, avenue nzima inatoka na majembe kusafisha mifereji, mwenye nyumba pia atakuwa pale. Mbele kazi ianze, saa mbili, nitasimama karibu na shefu na nitasema kwa sauti: nilisema uongo, jani sikuijua. Kisha nitachimba pale baliingoa lierre, nipande hii ya chupa. Tawi ya kijani tupu nimeshakata.

Samedi, saa mbili. Mutakuya kunisikia.