Aliyevunja Hedifoni

Jumapili, 2 Machi 2025

Samahani, daftari. Mara ya mwisho niliandika Novemba, tena nusu ukurasa, halafu nikakutumia kufunika debe la unga. Jalada lina alama ya duara hadi leo. Nilichoka tu. Hata sasa nimechoka, lakini Shantel amelala mchana na mimi nimekataa kufua.

Habari kubwa: nina kazi. Ya nyumbani! Tangu katikati ya Januari. Kuna laini ya simu, akina mama wajawazito wa huku ziwani wanapiga na kumwuliza mkunga maswali kwa Dholuo. Simu zinarekodiwa. Mimi nasikiliza, naandika kwa Kiswahili, natuma Nairobi kwa Becky, msimamizi wangu. Hapa hapa mtaani Migosi, kwenye meza nyuma ya kabati la nguo.

Habari kubwa kuliko hiyo: Shantel amerudi. Nilipokuwa nauza kwenye duka la viatu mjini, alikaa Katito kwa mama yangu miezi minane. Siku niliyoenda kumchukua alijificha nyuma ya sketi ya nyanya yake, akaniita aunty. Mtoto wangu wa kumzaa! Ana miaka minne. Sasa naitwa mama tena. Kazi hii ndiyo inamweka hapa. Ikiisha narudi dukani, na yeye Katito. Ni hivyo tu.

Jumanne, 4 Machi

Leo naandika kuhusu hedifoni, maana nazivaa kuliko viatu. Kwa muda wa saa sita kila siku.

Zilipofika niliinua kisanduku nikadhani wamenitumia hewa. Nyepesi! Uzito wa andazi moja. Upinde wa juu ni plastiki nyeusi, mwembamba kama rula ya shule. Masikio yana sponji. Waya mrefu. Wiki ya kwanza nilisahau nimezivaa, nikainuka kwenda kuanika nguo, waya ukanirudisha kama mbuzi kwenye kamba.

Kichwa hakiumi hata jioni. Hiyo sifa nazipa. Lakini ukizipanua kidogo zinalia — kwi! Na sponji zimeanza kumenyeka, mafuta ya nywele yanazila. Vipande vyeusi vinabaki masikioni. Shantel anasema mama ana siafu.

Sikio la kushoto ni mama aliyepiga. La kulia ni mkunga. Ndivyo zinavyorekodiwa. Siku nzima niko katikati yao kama mtoto aliyelala kati ya wazazi.

Sheria ya nyumba: mama akivaa hedifoni, hakuna kelele. Ukinitaka, gusa goti mara mbili. Anaishika vizuri. Leo aligusa mara mbili, nikavua, nikauliza ni nini. "Hakuna. Nilikuwa naangalia kama uko."

Ijumaa, 7 Machi

Kesho harusi ya binamu yangu Valarie. Nekoye amenisuka, jirani wa mlango wa tatu, mwenye kibanda cha nywele. Tangu asubuhi hadi jua linaelekea ziwani. Nywele za kuongeza pakiti nne, rangi ya damu ya mzee, halafu zote zimekusanywa fundo moja kubwa utosini. Aliuliza hiki ni kichwa au ni shamba la ekari ngapi. Alipomaliza akarudi nyuma akanitazama.

"Mama Shantel, kesho bibi harusi atatafuta mahali pa kujificha."

Mgongo wangu umekufa. Lakini nimependeza! Mwaka mzima sijajiangalia kwenye kioo mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Harusi ilikuwa nzuri. Nyama iliisha mapema, wimbo mmoja ulipigwa mara sita.

Leo nimerudi kazini na fundo langu. Hedifoni hazitaki. Nimeuvuta upinde pande zote mbili hadi mwisho, bado haufiki. Unakaa juu ya fundo, sponji zinaishia juu ya masikio. Nikabonyeza. Zikalia kwi, zikakubali. Kila kuvaa ni kulia, kila kuvua ni kulia.

Nifungue nywele za juzi? Thubutu! Zitazoea.

Jumatano, 12 Machi

Zimevunjika.

Upinde umekatika upande wa kulia, pale unapoingia kwenye sikio. Sikio lenyewe linaning'inia kwa waya kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

Ilikuwa saa nne. Uji ulianza kufurika, nikazivua kwa mkono mmoja, nikazitupa mezani, nikakimbia jikoni. Niliporudi Shantel alikuwa amesimama juu ya kiti changu, anazo mikononi.

"Sio mimi."

Nilimchapa mkononi. Mara mbili. Nikamweka kona, uso ukutani. Nikamwambia kuvunja kitu ni jambo moja, uongo ni jambo lingine, na katika nyumba hii uongo ndio mbaya. Akisema ukweli atatoka.

"Sio mimi, mama. Nimeipata hivi."

Basi kaa hapo.

Nusu saa. Nilikuwa nasikia akivuta kamasi. Sikugeuka. Mtoto akishinda leo, kesho utamwambia nini? Halafu nikasikia sauti ndogo: "Ni mimi."

Nikamkumbatia. Nikampa andazi kwa kusema ukweli. Nikamwambia hivyo, hili ni la ukweli. Alikula lote bila kuniangalia.

Nikajaza fomu ya Becky kwenye simu. Sababu ya kuharibika: kuna imeanguka, kuna matumizi ya kawaida, kuna mtoto au mnyama. Nikaweka alama kwa mtoto, nikaandika na jina lake. Ukweli ni ukweli.

Alhamisi, 13 Machi

Becky amepiga. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Celestine, mtoto alifikaje kwenye kifaa? Mkataba ulisema chumba chenye mlango."

Nikamwambia mlango upo. Akauliza ni mlango au ni lile kabati la kwenye picha niliyotuma Januari. Anasema bosi wake atanipigia Jumanne saa tisa. Huenda wasimamishe kazi hadi nipate mahali pa kumweka mtoto. Hedifoni mpya hazitumwi kabla ya hapo.

Mahali pa kumweka mtoto. Napajua mahali hapo. Pako Katito.

Nimejaribu kufanya kazi na sikio moja lililobaki. La kulia limekufa kabisa, kwa hivyo mkunga hayupo. Maswali matupu! Mama mmoja, sauti kama ya msichana wa shule, anauliza alale upande gani, mtoto amepunguza kucheza. Kimya. Kimya kirefu. "Sawa. Asante." Aliambiwa nini? Sijui. Nimeandika: haisikiki. Faili saba za haisikiki.

Baba Shantel naye alipiga kutoka Busia, anakopakia mizigo. Nikamweleza. Akasema nisihangaike, nyanya yake atafurahi kumwona tena.

"Wandera," nikamwambia, "kilichovunjika ni hedifoni. Si nyumba."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi wa simu alitaka kupaka supaglu tu. Nikaona itakauka na kukatika palepale. Nikampelekea Nekoye. Mtu anayeshona nywele kichwani mwa mtu hai bila kumtoa damu, plastiki itamshinda?

Alivaa miwani yake. Akazigeuza. Akazigeuza tena.

"Nani amevunja hii?"

"Shantel."

"Shantel huyu?" Shantel alikuwa mlangoni anapanga machanuo kwa rangi. "Mama Shantel, njoo kwa mwangaza."

Akanionyesha. Upande wa kushoto, ule ambao haujavunjika, mahali palepale una mistari myeupe. Midogo, imesimama pamoja.

"Unajua hii ni nini? Plastiki ikivutwa inapata michirizi, kama matumbo yetu. Mtoto akivunja kitu anavunja mahali pamoja, pu! Hii imechoka pande zote mbili. Imevutwa siku nyingi. Na ndani hakuna chuma hata kidogo, angalia, ni ganda tu. Imetengenezewa kichwa kilichonyolewa."

Halafu akachukua kibano, akavuta kitu kwenye ufa. Unywele mmoja. Umebanwa ndani kabisa, huwezi kuuingiza ufa ukiwa umefungwa. Rangi ya damu ya mzee.

"Na huyu shahidi je? Ni wa Shantel?"

Alicheka kwa nguvu. Kisha akaona uso wangu akaacha. Shantel ana nywele fupi kama za sungura.

Nikakumbuka. Uji. Mkono mmoja. Nilipozivua nilisikia ka! Nilidhani ni kifuniko cha sufuria.

Nekoye alipasha sindano moto, akatoboa matundu mawili huku na mawili huku. Akavunja uti wa mwavuli uliokufa, akaulaza ndani uwe mfupa, akashona kwa uzi mweusi na ile sindano yake iliyopinda. Kazi safi. Waya nao akausokota na kuufunga tepu. Mimi nilikuwa nahesabu ile nusu saa. Uso ukutani. Na andazi.

Jumapili, 16 Machi

Tulipotoka kanisani nikachuchumaa mbele yake, pale pale kwenye kona.

"Shantel, hedifoni ni mama alivunja. Ni nywele zangu. Ulisema ukweli nikakuchapa. Mama amekosea. Pole."

"Hapana. Ni mimi."

"Si wewe."

"Ulinipa andazi."

Ee Mungu. Nikaeleza tena, polepole. Nikauweka upinde juu ya fundo langu aone unavyojikunja. Aliangalia muda mrefu. Akaligusa fundo kwa kidole.

"Sasa nani atakuchapa?"

Nikamnyooshea mkono. Akanichapa mara moja, kidogo sana. Mara ya pili akainua mkono, akabadilisha mawazo, akapuliza pale alipochapa.

Nilidhani yameisha.

Jumatatu, 17 Machi

Hedifoni za Nekoye zinafanya kazi! Masharti: nikae wima. Nikiinamisha kichwa, mkunga anakufa. Nikiinua, anafufuka katikati ya neno. Nimefanya kazi nimenyooka kama nimebeba mtungi wa maji. Fundo nimelifungua, nywele nimezilaza mgongoni. Kuzifumua kabisa, hapana.

Nilirudia zile faili saba. Yule wa sauti ya msichana, mkunga alimwambia alale ubavu wa kushoto, anywe kitu kitamu, ahesabu mateke. Yasipofika kumi kwa saa mbili, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Alirudia mara tatu, bila haraka. Kumbe alijibiwa.

Asubuhi nilimwaga chai yangu mwenyewe, kwa kiwiko changu mwenyewe. Shantel alikuwa mlangoni. "Ni mimi, mama." Nikamwambia hapana, nimekuona, uko mbali.

Mchana kuku wa jirani akaingia akachafua sakafu. "Ni mimi."

Saa nane stima ikapotea. Migosi yote. Redio zikanyamaza mlango baada ya mlango, watu wakaanza kulalamika nje. Nikahisi goti limeguswa. Mara mbili.

"Mama, ni mimi."

Amenyoosha mkono, kiganja juu. Sijui ni wa kuchapwa au wa kupewa andazi. Nafikiri hata yeye hajui.

Jumanne, 18 Machi

Saa saba na nusu. Bosi anapiga saa tisa. Stima imerudi. Shantel amekaa chini ya meza, mgongo kwenye miguu yangu.

Nitawaambia mapema, kabla hawajauliza. Nikingoja simu nitababaika. Naandika hapa kwanza, halafu nanakili kwa Becky.

Becky, hedifoni nimevunja mimi. Zilivutwa juu ya nywele za kusuka, siku tatu, nikavua kwa nguvu. Picha ya michirizi nimekutumia, pande zote mbili, na unywele. Mkitaka kusimamisha kazi, msimamishe kwa hilo, si kwa mtoto. Kabati si mlango, hilo kweli. Jumamosi Nekoye ananiletea fundi wa mbao, aweke mlango.

Ninayoomba nitumiwe:

Hedifoni nyepesi vilevile, uzito haukuwa na shida. Lakini upinde uwe na chuma ndani, hata chembamba kama uti wa mwavuli.

Ziwe zinarefuka. Tulipima Jumamosi kwa futi ya kushonea, sikio hadi sikio kupita juu ya fundo: sentimita arobaini na nne. Wengi tunaofanya kazi hii ni wanawake na tunasuka.

Sponji za akiba, jozi mbili. Za kitambaa, zisizoliwa na mafuta.

Waya unaochomoka, ili ukikatika tubadilishe waya peke yake.

Na fomu nyingine, tupu. Ile ya Jumatano ina jina la Shantel mahali pa jina langu.