Pembe ya Ndururu

Jumanne, 8 Oktoba 1985

Mazoezi kama kawaida, jumba la kanisa, Kutus. Nilienda na baiskeli kutoka hapa nyumbani, upande wa Kianyaga. Niko na miaka sitini na saba na sikushuka kwa kilima hata kimoja. Vijana walishuka.

Niliingia mlangoni nikasema maneno yangu: mwenye nyumba, nisaidie ngazi. Hakuna wa kujibu. Kiti cha Ndururu kiko tupu. Leo ni wiki tatu tangu tumzike Gachoki. Yeye ndiye alikuwa Ndururu, yule baba mchoyo wa kipindi chetu cha televisheni. Kila Jumapili jioni, Kenya yote inacheka. Mimi ni jirani yake. Kila wiki naingia kuomba kitu. Chumvi, jembe, kiberiti. Hapa Kutus watu wananiita Omba-Chumvi. Wacha waite. Wao nani anawajua?

Nyambura, yule anaigiza mama, alijaribu kujibu maneno ya Ndururu yeye mwenyewe. Akashindwa. Akatoka nje.

Prodyusa wetu, Bwana Odera, anakuja Ijumaa na uamuzi kutoka Nairobi. Mimi uamuzi naujua tayari. Ndururu mpya ni mimi. Nani mwingine? Gachoki na mimi tulitahiriwa siku moja, maji baridi ya mto mmoja. Mimi ni rika lake. Namjua kuliko koti lake linavyomjua.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefanya kikohozi chake mbele ya ng'ombe. Ng'ombe mmoja aligeuka kuangalia. Ile kutembea yake pia nimeshika. Mkono mmoja mfukoni, kana kwamba kuna mtu anataka kuiba mfuko wenyewe.

Mke wangu Wambura alikuwa ananichungulia kutoka jikoni.

"Baba Kinyua, wewe utaweza uchoyo wapi? Hata maneno unayagawa bure siku nzima."

Nilimchekea tu. Yeye ndiye ananisomea karatasi za kipindi, kwa hivyo lazima nikae naye vizuri. Si ati sijui kusoma. Nasoma polepole. Herufi nilijifunza kambini, Mzungu alipotufungia wakati wa Emergency, kwa kijiti na mchanga. Lakini nikisomewa mara mbili sisahau tena mpaka kaburini. Hakuna mwigizaji mwingine ana kichwa kama hiki.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Odera amekuja. Kwanza alisema wakubwa wa Nairobi wametupa kipindi kimoja tu cha kujaribu. Watu wakikipenda tunaendelea. Wasipopenda, saa yetu itapewa mieleka. Hiyo nilielewa. Kisha mlango wa gari ukafunguka akatoka mtu mnene na viatu vya kung'aa. Ati huyo ndiye Ndururu. Anaitwa Bwana Johnstone. Ameigiza redioni miaka mingi. Kiswahili chake kinateleza kama sabuni.

Nikauliza, na watu si wataona huyu si yule? Odera akasema, "Mzee, atavaa koti lile lile na kofia ile ile. Watazamaji watazoea. Hatutasema chochote."

Hatutasema chochote. Mtu amekufa na hatutasema chochote.

Nikasimama. Nikawafanyia kikohozi. Nikawafanyia kutembea. Wote walicheka, hata dereva. Odera pia alicheka, lakini akanipa karatasi nisome. Karatasi ambayo sijasomewa. Nikasoma neno moja moja kama mtu anachagua mawe kwa maharagwe. Odera akachukua karatasi polepole akasema asante, mzee. Hiyo asante iliniuma kuliko tusi.

Mimi nabaki jirani. Kipindi hiki naingia kuomba kiberiti.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sikwenda mazoezini. Nilikata majani ya ng'ombe mengi kuliko ng'ombe wenyewe wanaweza kula.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya kanisa alikuja Wairimu. Ni mwalimu wa nasari huko Kerugoya, na kwenye kipindi ndiye binti ya Ndururu. Alileta mkate na majani ya chai. Nikajua ana shida.

Shida ni hii. Kipindi cha kujaribu ni cha kumwoza yeye. Wageni wanaleta mahari, pombe ya muratina inawekwa kwa pembe ya kunywea. Wazee wanamuuliza binti, tunywe hii pombe? Tukinywa hutatutapisha? Maana yake, hutamwacha huyu mume tukaanza kurudisha mbuzi za watu. Akikubali, anaonja kidogo, halafu anapelekea baba yake pembe kwa mikono yake. Baba akinywa, imeisha. Baba akiwa amekufa, anakunywa ndugu yake, au mtu wa rika lake. Hata mtoto mdogo wa hapa anajua hivyo. Odera anatoka magharibi, na Johnstone amezaliwa mjini. Kwao hiyo ni kikombe tu.

Wairimu, ambaye huniita guka, yaani babu, akaniuliza, "Guka, nikifika hapo nitampa nani?"

"Mpe baba yako."

"Yupi?"

"Soma karatasi yako. Mimi sijui kusoma, si uliona?"

Akainama. Akaaga. Alipofika barabarani nikataka kumwita. Sikumwita.

Wambura aliniambia, "Umezeeka mpaka umeshindwa kujibu mtoto." Ni kweli. Lakini sikumwambia ni kweli.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimerudi mazoezini. Si kwa sababu walinibembeleza. Hawakunibembeleza. Nimerudi kwa sababu bila mimi kile kiberiti hakiombeki.

Johnstone anajua kazi, hiyo nitasema hapa tu. Maneno amemeza yote. Lakini alipokea pembe na mkono wa kushoto. Nilipiga kelele hata mimi mwenyewe nikashtuka. Nikamfundisha. Mkono wa kulia, mikono miwili ikiwezekana, kofia chini. Akasema, "Asante, mwalimu wangu." Hakunicheka. Hiyo inanisumbua usiku huu. Mtu ukitaka kumchukia, afadhali akusaidie kidogo kwa kukudharau.

Alipofika kwa pembe, Wairimu aliiangusha. Mara tatu. Odera akasema ni baridi ya jumba.

Ijumaa, 18 Oktoba

Niandike hii kabla haijapoa.

Tumerekodi leo Nairobi. Niliamka alfajiri, nikanyoa, nikavaa shati ya Krismasi. Chumba cha kurekodi kina taa kama jua kumi. Odera akatuambia tepu ni moja na saa ni chache. Tukianza hatusimami mpaka mwisho. Mtu akikosea, kosa linaenda hewani.

Tukaanza. Wageni wakaimba getini. Nyambura akapokea. Johnstone akaingia na koti la Gachoki, akaketi kwa kile kiti. Hakuna mtu alikuwa amemwita Ndururu bado. Mimi nilikuwa mlangoni, nangoja zamu ya kiberiti. Nilimwona mgongo. Koti lilikuwa lake, mabega hayakuwa yake.

Mzee wa wageni akauliza, tunywe? Wairimu akasema mnywe. Hutatutapisha? Sitawatapisha. Akaonja. Akashika pembe, akageuka kwa Johnstone. Johnstone akavua kofia, akanyoosha mikono miwili, vizuri kabisa, jinsi nilivyomfundisha.

Msichana hakutoka pale. Kamera inamwangalia. Nilihesabu pumzi tano. Kisha akageuka, akavuka chumba chote, akaja mlangoni, akapiga magoti mbele yangu.

"Baba hayuko," akasema. "Wewe ni rika lake. Kunywa."

Hiyo haikuwa kwa karatasi. Nilimwona Odera nyuma ya kioo ameshika kichwa.

Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna mtu atasoma. Niliwaza haraka sana. Nikimrudishia Johnstone pembe, Ndururu yuko hai. Na akiwa hai, siku moja huyu wa mjini atachoka na barabara ya vumbi, na kiti kitakuwa changu. Nilikuwa nakitaka kile kiti. Hata dakika ile nilikuwa nakitaka. Lakini nikinywa, Ndururu amekufa mbele ya Kenya yote, na mimi siwezi kuwa yeye tena. Huwezi kunywa ya marehemu leo halafu kesho ukaja wewe ndiye marehemu.

Msichana alikuwa bado amepiga magoti.

Nikachukua. Nikamwaga kidogo chini. Nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka nje: "Mwenye nyumba hii alikuwa mchoyo. Alininyima chumvi miaka saba. Lakini tulisimama naye ndani ya mto mmoja tukiwa vijana, na hakulia, na mimi sikulia. Leo angekunywa hii. Hayuko. Nakunywa kwa niaba yake."

Nikanywa yote.

Sasa Johnstone. Mtu ana koti la marehemu, anakaa kwa kiti cha marehemu. Nikafikiri tumeisha. Akainuka pole pole. Akavua lile koti, akalining'iniza nyuma ya kiti. Akasema, "Samahani wazee. Mimi ni mjomba wa msichana tu. Hili koti la shemeji nilivaa kwa ajili ya baridi ya kwenu." Wageni wakacheka kicheko cha kweli. Nyambura akalia kilio cha kweli. Na tukaendelea mpaka mwisho, kila mtu akitoa maneno tumboni mwake, hakuna aliyekosea.

Ati nililia? Ni zile taa. Zina joto, zinatoa mtu maji machoni. Kila mtu wa televisheni anajua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jana Odera aliturudisha na gari. Tulipofika Thika akasema, "Mzee, mmeniulia kipindi."

Nikamwambia, "Hatukukiua. Gachoki alikufa, nyinyi mkakataa kumzika."

Wairimu alikuwa nyuma, amefunika uso na leso. Anaogopa kufukuzwa. Nikamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, kosa likitafutwa, ni mimi nilikunywa. Nani alimwona mtu akinishika mdomo?

Leo naogopa mimi. Tepu ni moja. Hawawezi kurudia. Wanaweza tu kuitupa.

Jumapili, 27 Oktoba

Hawakuitupa.

Niko na furaha hata sijui nianzie wapi. Leo jioni nilikuwa kwa hoteli ya Kutus, ile iko na televisheni inatumia betri ya gari. Watu walijaa mpaka dirishani. Wakulima wa mpunga wa Mwea walikuja na baiskeli, matope bado miguuni. Nilipewa kiti cha mbele. Kuna kijana mmoja akaita, "Omba-Chumvi, leo unaomba nini?" Nikamwambia leo naomba unyamaze.

Johnstone alipoingia na koti watu wakaguna. Nilisikia, "Huyo si yeye." "Si yeye kabisa." Mtu akasimama kutoka. Kisha ikafika pembe. Msichana akageuka. Hata aliyekuwa anakaanga mandazi aliacha yakaungua. Nikajiona kwa kioo cha televisheni. Mimi ni mzee kuliko nilivyofikiri. Lakini sauti ni nzuri.

Nilipokunywa, wazee wote ndani ya hoteli walivua kofia. Hakuna aliyewaambia. Wale wa dirishani pia.

Na mjomba aliposema ya baridi, walicheka mpaka betri ikatikisika na picha ikapotea. Ikarudi. Wakanibeba, mimi, na uzito huu. Waliniweka chini mbele ya bucha na wakanipa nyama bila kupima. Nimeleta nusu kwa Wambura. Akasema, "Sasa utaongea mpaka Krismasi." Nitaongea mpaka Pasaka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Odera amekuja na magunia mawili ya barua. Nyingi ni za rambirambi. Ati watu wanatuma pole kwa nyumba ya Ndururu, nyumba ya mbao na rangi. Mmoja wa Nanyuki ameuliza matanga ni lini.

Kipindi kinaendelea. Mama, binti, mjomba wa mjini, na jirani. Wairimu hafukuzwi, ameongezewa maneno. Johnstone alinishika mkono kwa mikono miwili. Kiti kitabaki hapo mezani, hakuna wa kukalia. Hilo nililisema mimi na Odera akaandika haraka kama mwanafunzi.

Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema ndiyo. Si kweli yote. Nilitaka kuwa Ndururu. Bado inauma, kidogo, kama jino la zamani.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi nilienda kwa Muthoni, mjane wa Gachoki. Kahawa yake imeiva na mikono ni yake peke yake. Wambura alikuja pia. Hatukuongea juu ya televisheni. Muthoni hakuuliza, mimi sikusema. Ni mara ya kwanza sisemi.

Tulichuma mpaka saa nane. Ukungu ulikuwa umefunika mlima. Tukapeleka fakitori, kile kiwanda cha kahawa. Tukangoja kwa foleni na magunia yetu. Karani akafika kwa namba ya shamba lao, akasoma jina kwa kitabu, jina la Gachoki, kwa sababu bado halijabadilishwa.

Muthoni akaangalia chini.

Karani akaita tena.

"Tuko hapa," nikasema. Tukasukuma gunia mbele, mimi upande mmoja, Muthoni upande mwingine, tukamimina.