Mkaguzi Hakula Kuku

Bondeni, Nakuru
3 Machi 2024

Kwa binti yangu Nakhumicha,

Salamu nyingi zikufikie huko Leeds kwenye baridi yako. Mimi ni mzima, isipokuwa huu mkono wa kulia, na presha ambayo inapanda kila nikisikiliza taarifa ya habari. Wewe je? Unakula? Kwa ile picha uliyotuma niliona shingo imekuwa ndefu.

Umeona mwandiko? Usicheke. Ni mimi. Tangu kiharusi kinipige mwaka jana sikuwa nimeshika kalamu, lakini huyu Jerop, mhudumu uliyeniletea kutoka kwa kampuni, hana huruma hata kidogo. Akienda kwao Mau Narok anarudi na viazi, ananikalisha jikoni, ananipa kisu, ananiambia nimenye. Mwanzo nilikuwa natupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Siku hizi namenya maganda membamba mpaka mbuzi wa jirani amekasirika. Baada ya viazi nikapewa maharagwe ya kuambua, na baada ya maharagwe ndiyo kalamu. Nikimaliza kuandika, yeye anapiga picha karatasi na kukutumia kwa simu.

Kampuni wamesema umeomba mkaguzi aje kuona jinsi ninavyotunzwa. Sawa. Lakini hawakuniambia mambo ya maana. Ni mwanamume ama mwanamke? Anatoka mbali? Niambie mapema nijipange. Yule jogoo mwekundu amenona.

Ni mimi mama yako,
Truphosa


Leeds
10 Machi 2024

Mayi mpendwa,

Nimefurahi kusikia uko salama. Mimi pia ni mzima na ninakula, shingo ni ya ukoo wenu. Mwandiko nimeuona na nililia kidogo kwa basi nikienda kazini, watu wakaangalia dirishani wakijifanya hawajaona.

Sasa nisikilize. Kazi yangu hapa unaijua, ni hiyo hiyo ya Jerop. Naingia nyumba za wazee, naosha, nalisha, natoa dawa, natoka. Na sisi hukaguliwa. Nimewahi kuingia nyumba nikakuta mzee amelowa tangu asubuhi, na mtoto wake ameambiwa kwa simu kwamba baba yuko sawa kabisa. Mimi niko mbali, Mayi. Siwezi kupita nichungulie mlangoni. Mkaguzi ndiye macho yangu.

Si mgeni. Naomba hilo ulielewe. Atakuja bila kutangaza, na haruhusiwi kula kwa mgonjwa, maana itaonekana amehongwa. Usimpikie. Akikuuliza swali, mjibu ukweli, na usimwogope Jerop. Huyo jogoo mwache awike.

Binti yako,
Nakhumicha


Leeds
2 Aprili 2024

Mayi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, maana mimi sijalala vizuri tangu nisome ripoti ya Bwana Maina, huyo mkaguzi.

Anasema alikukuta peke yako jikoni. Jiko lina moto, kisu kina damu, na wewe umeinama juu ya kuku ambaye hajamalizwa kunyonyolewa. Wewe, mtu wa kiharusi! Jerop hakuwepo, na kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Alipokuuliza yuko wapi, ulimjibu, "Ametembea tu." Alimngoja muda mrefu. Anasema msichana aliporudi alikuwa anahema, na hakutaka kueleza alikotoka.

Ungeanguka kwenye hayo makaa, ni nani angekuinua? Ningepigiwa simu niambiwe nini?

Nimeiomba kampuni imwondoe Jerop. Wataleta mwingine anayefuata kanuni. Najua ulimzoea. Nisamehe, lakini kwa jambo hili sitarudi nyuma.

Binti yako,
Nakhumicha


Bondeni, Nakuru
21 Julai 2024

Kwa Nakhumicha,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Mhudumu mpya ni Wamuyu. Ni mtu wa adabu. Ninaoshwa asubuhi na ninalishwa kwa wakati. Visu vimefungiwa kabatini na sakafu ni kavu. Mkaguzi amekuja tena na hakupata kosa lolote.

Asante kwa yote unayonifanyia.

Mama yako


Leeds
22 Julai 2024

Mayi mpendwa,

Nimengoja barua yako tangu Aprili, na kila nikipiga simu naambiwa umelala ama unaota jua. Sasa imekuja, na nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni bado na koti.

Huu mwandiko ni wa nani? Ni mzuri mno, hauwezi kuwa wako. Na mbona hujauliza kama nakula? Umeandika barua nzima hujanitania hata mara moja. Nimekukosea wapi? Niambie, hata kama ni kwa hasira. Afadhali hasira yako.

Binti yako,
Nakhumicha


Bondeni, Nakuru
28 Julai 2024

We Nakhumicha,

Umetaka hasira, haya basi. Anayeandika ni Wamuyu, na nimemwambia aandike kila neno jinsi linavyotoka, asipake sukari. Amekubali. Si mtu mbaya, na yaliyotokea si makosa yake. Yeye anafanya alivyofunzwa.

Mkono umelala tena. Ndiyo maana siandiki. Tangu Jerop aondoke sijashika kisu, sijashika kiazi, hata kijiko anakishika Wamuyu ili nisimwagikiwe na uji. Nikinyanyuka ananiita nyanya kwa Kikuyu chake, "Kaa tu cucu, nitafanya." Nakaa. Mkaguzi alipokuja mara ya pili alinikuta nimekaa, msafi, nimepakwa mafuta, nimenyamaza, akafurahi sana. Mimi nilikuwa nalia kwa roho.

Sasa nikuambie habari ya ile siku, ambayo hukuniuliza. Huyo mtu wako alipiga simu akiwa stendi, amepotea, anauliza njia ya Bondeni. Mgeni anakuja, na unga umeisha! Jerop alikataa kutoka. Alisema akiniacha atafukuzwa. Ni mimi nilimsukuma nje ya mlango nikamwambia mgeni wangu hatakula kuku bila ugali, labda nikiwa nimekufa. Duka la hapa halikuwa na unga, akakimbia mpaka sokoni. Jogoo nilimchinja mwenyewe. Nilikanyaga mabawa kama mama yangu alivyonifunza, na kisu nilikishika kwa mkono huu huu uliokufa. Haukutetemeka. Nilitamani ungeniona.

Halafu mtu akaingia akaniuliza msichana yuko wapi. Sasa wewe uliyelelewa kwa nyumba hii, ungejibu nini? Utamwambia mgeni kwamba watu wanahangaika sokoni kwa sababu yake, kwamba amekukuta huna unga? Si ni kumwambia aende kwao? Nilisema ametembea tu. Jerop naye alipofika aliuficha unga nyuma ya mlango, akanyamaza ili asiniaibishe. Alifukuzwa akiwa amenyamaza hivyo hivyo.

Na huyo mtu hakula. Nilimwekea sahani akasema haruhusiwi.

Mimi nilifikiri utajua, Nakhumicha. Bwana Maina simlaumu, yeye ni mtu wa kuandika. Lakini wewe ukisikia mama yako ana kuku mkononi na mgeni yuko mlangoni, unahitaji kuambiwa msichana ameenda wapi?

Wamuyu anasema nipunguze sauti. Unakula?

Mama yako


Leeds
11 Agosti 2024

Mayi mpendwa,

Ninakula. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na mahali pa jogoo nilicheka mpaka mwenzangu wa nyumba akaja kuuliza kuna nini. Halafu sikuweza kumweleza.

Kuna mama mmoja ninayemhudumia hapa. Nilipomkuta alikuwa anapenda kujitengenezea chai mwenyewe. Anachukua muda mrefu, maji yanamwagika, anaimba. Kisha wakubwa wakasema birika la moto ni hatari, na kweli ni hatari, kuna mzee mwingine aliungua vibaya. Kwa hivyo mimi ndiye hutengeneza chai. Nampa mkononi, vuguvugu, kikombe cha plastiki. Alikuwa ananiomba birika kila siku. Siku hizi haombi. Kwa ripoti zetu huyo mama yuko salama, na mimi ndiye nimeandika hivyo. Juzi nikampa kikombe, nikaangalia mikono yake ilivyolala mapajani, nikakuona wewe.

Nimempigia Jerop. Yuko kwao anachagua viazi kwenye shamba la watu. Nilimwomba msamaha na hakunirahisishia. Alisema atarudi kwako, si kwa kampuni wala kwangu, ila nisimfukuze tena bila kumuuliza. Nimekubali. Nikaongea na kampuni mpaka wakachoka na mimi. Wamesema sawa, ila mkaguzi ataendelea kuja, na familia ikubali kwamba jikoni utaingia na kisu utashika, na Jerop anaweza kufika dukani ukimtuma. Nimekubali hayo pia.

Naogopa, Mayi. Nataka ulijue hilo. Kila simu ikilia kutoka Kenya moyo wangu utaruka, na unaweza kuungua kweli, na mimi ndiye nitakuwa nimesema ndiyo. Sina njia ya kukulinda na kila kitu bila kukufunga mikono. Kitu kimoja tu nakuomba. Mkaguzi akija, mwambie ukweli, hata kama unaona aibu. Jerop asibebe lawama tena.

Binti yako,
Nakhumicha


Bondeni
6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Mimi mzima. Unakula?

Jerop alirudi na viazi. Mwanzo nilimenya vibaya, mbuzi akanona. Nimejikata kidole. Kidogo tu. Usipigie kampuni.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Akauliza Jerop yuko wapi. Nikamwambia nimemtuma mimi, unga umeisha, tunataka mgeni apate ugali. Uso uliniungua kusema hivyo kwa mgeni. Lakini nilisema. Akaandika.

Hakula. Firigisi, ya mgeni wa heshima, nimempa Jerop.

Barua ni fupi kwa sababu nimeiandika mwenyewe.

Mama yako,
Truphosa