Chumba Chako cha Uani

Mwanangu kifunguamimba,

Jirani ndiye anayeandika, mimi nasema tu. Huku tupo, na goti langu ni lile lile.

Chumba chako cha uani, kuta zimeshanipita kichwa. Unamjua baba yako, tangu tuoane hataki fundi. Yeye anapanga matofali, mimi nakoroga udongo. Jiko tulijenga hivyo, na choo, na kibaraza kilichopinda kama mdomo wa shangazi yako. Jirani anacheka, nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Basi juzi nilikwenda kuchota maji. Kurudi, nasikia mtu anagonga ukuta. Kumbe baba yako kaziba nafasi ya mlango, naye yumo ndani! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mzee, umejifungia kama kuku?"

Akajibu kwa upole, "Mama, samahani, niitie mke wangu. Kazi hii anaijua yeye."

Nikaacha kucheka. Nikamwambia, "Anakuja."

Udongo ulikuwa bado mbichi, nikayatoa matofali kwa mikono, moja moja. Alipotoka alinishukuru sana, akaniuliza kama natoka mbali.

Jioni alinijua. Jana hakunijua kutwa nzima. Wewe bado anakutaja, anasema chumba ni chako.

Usisubiri paa, mwanangu. Utalala na mimi. Njoo sasa, wakati ukimwita baba bado anaitika.

Ni mimi mama yako, na hilo dole gumba hapo chini ni langu.