Mama, Sinyimwi Chakula

Al Twar, Dubai
9 Aprili 2025

Mama kipenzi,

Assalaam aleikum. Nakubusu mikono yote miwili. Natumai u mzima, na presha imetulia, na jirani yako Bi Hilwa hajambo na maneno yake. Mimi ni mzima, ila hapo penye uzima nina habari. Naiandika yote hapa kwenye WhatsApp kwa sababu nikikupigia simu husikii vizuri, na mimi siwezi kupiga kelele katika nyumba ya watu.

Baada ya Idi, Madam Sundus alikwenda kupimwa afya kama afanyavyo kila mwaka, akanichukua na mimi. "Yalla Swafiya, na wewe upimwe. Ukipanda ngazi unapumua kama mzee." Daktari, mama mmoja mpole wa Kihindi, akaniambia sukari yangu haijawa ugonjwa, lakini imeshafika mlangoni inabisha hodi. Akaniuliza kama kwetu kuna mwenye sukari. Nikamwambia baba yangu alikatwa mguu, na haukupita mwaka tukamzika. Akaliandika hilo, kisha akasema nikipunguza mwili huenda ikarudi ilikotoka. Nisipopunguza, vidonge. Nirudi kupimwa mwezi wa saba.

Sasa usianze kulia. Mimi nimefurahi, wallahi. Baba aliambiwa wakati kidonda kimeshaoza, mimi nimeambiwa mapema.

Dawa yenyewe ni kufunga kwa saa. Nakula kuanzia saa sita mchana mpaka saa mbili usiku, halafu mdomo nafunga. Maji nakunywa, na kahawa isiyo sukari. Daktari amekubali kwa kuwa sina dawa ninayotumia. Loise, yaya wa nyumba ya pili, mtu wa Nyeri, ndiye aliyenifundisha kustahimili asubuhi. Ananiambia, "Njaa ni kama mgeni wa asubuhi, my dear. Usipomfungulia, anaenda." Na Madam naye amesema atafunga pamoja nami, maana daktari alimwambia na yeye apunguze sukari.

Tatizo ni moja: mimi ni mpishi. Siku ya tatu nilipika harisi, bokoboko yao ya ngano na nyama, asubuhi bila kuonja, nikatia chumvi, nikasahau, nikatia tena. Wageni wa Madam walikunywa maji mpaka jagi likaisha. Sasa naonja kwa ncha ya ulimi na kutema, kama tufanyavyo Ramadhani.

Niombee dua, Mama.

Mwanao,
Swafiya


Kibokoni, Mombasa
11 Aprili 2025

Mwanangu Swafiya,

Waaleikum salaam. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu. Presha imetulia, au ilikuwa imetulia mpaka niliposoma barua yako.

Nina swali moja tu. Huyo daktari alilipwa na nani? Maana nimeishi miaka yangu yote, na nimemuuguza baba yako mpaka mwisho, sijasikia daktari wa kumwambia mtu asile asubuhi. Kula kidogo, nimesikia. Acha sukari, nimesikia. Lakini mpishi akae jikoni kwa tajiri, apike staftahi ya watu, yeye asiile, na tajiri ndiye aliyempeleka kwa daktari? Mimi si mtoto.

Picha yako ya Idi niliionyesha mtaa mzima. Kila mtu alisema, mashallah, Arabuni kumemkubali. Unamkumbuka binti yake Bi Fauziya? Alirudi kutoka huko na mifupa ya shingo imetoka, tukaambiwa ni joto. Kumbe jokofu lilitiwa kufuli. Mwili haujengwi kwa matofali, mwanangu.

Na kama ni lazima ukae na njaa, basi Shawwal haijaisha. Funga Sita kwa nia, upate thawabu. Njaa ya bure ya nini?

Kula.

Mamako


Al Twar
18 Mei 2025

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Hali yako? Na goti lako la baridi? Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa, na hilo ndilo nitakalo kukuandikia.

Sita nilizifunga kama ulivyoniambia, na Madam pia. Kisha nikaendelea na saa zangu. Mama, mwili unashuka. Mwanzo sikuamini. Nilidhani mizani ya Madam imekufa, nikampandisha Loise, akaniambia, "Mizani iko sawa, ni wewe umepungua, wacha kuogopa." Ngazi za nyumba hii sasa nazipanda na ndoo ya maji mkononi na bado naimba. Jioni kukipoa kidogo tunatembea na Loise kuzunguka mtaa, mara mbili, na tukikutana na watu wa kwetu wananiuliza natumia nini. Nawaambia natumia saa.

Madam anahangaika zaidi yangu. Anasema amefunga, lakini anaiba tende. Jana nilipobadilisha maji ya maua sebuleni nilikuta kokwa chini ya chombo, nyingi. Nilizitupa, nikatia maua mapya, na yeye akanitazama kwa jicho la pembeni, tukacheka bila kusemezana. Tangu siku hiyo tumekuwa kama mashoga. Saa sita ikifika ananiita, "Swafiya, khalas, wakati umefika," tunakula pamoja jikoni, samaki na saladi na wali kidogo.

Nakuletea picha. Ni lile dera la kijani ulilonishonea. Nimelifunga mtandio kiunoni, maana limekuwa la watu wawili. Mwonyeshe na Bi Hilwa.

Bado ni kipimo tu. Namwomba Mungu mwezi wa saba unikute hivi hivi.

Mwanao anayekupenda,
Swafiya


Al Twar
29 Mei 2025

Mama,

Assalaam aleikum. Picha umeiona, alama za buluu zimenionyesha. Siku zinapita na hujajibu. Unaumwa? Nimewapigia wa nyumbani, wameniambia u mzima na uko sokoni. Kama nimekukosea, nambie.

Swafiya


Al Twar
3 Juni 2025

Mama,

Assalaam aleikum. Leo salamu ni fupi, kwa sababu nimekasirika, na najua ukinijibu utaniambia nisikukasirikie, basi niseme kabla.

Jana asubuhi kengele ya mlango ililia. Nikafungua, nikamkuta ndugu yako, Mjomba Badawi, amefunga duka lake la vipuri huko Qusais siku ya kazi, amevaa kanzu ya Ijumaa na amebeba sufuria ya biriani imefungwa kwa shuka. Hata salamu hakuitikia vizuri. Akaingia mpaka jikoni, akafunua.

"Kula mbele yangu."

"Mjomba, bado sijafika saa yangu."

"Saa gani? Nani amekuwekea saa? Mamako ameona picha, usiku hapati usingizi. Kula, mtoto, usimuogope mtu."

Nikamwambia siwezi. Kwake yeye hiyo ilikuwa ni hati ya ushahidi. Akapaza sauti kwa Kiarabu chake cha dukani, akisema haramu, haramu kubwa, kumlaza na njaa mtoto wa watu. Madam akaisikia, akatoka chumbani mbio. Na Mama, katika siku zote za Mwenyezi Mungu, Madam alichagua saa hiyo ya kuiba tende. Alitoka shavu limejaa, anatafuna.

Mjomba akamnyooshea kidole. "Wewe unakula, yeye anakaa na njaa!"

Madam akaziba mdomo kwa kiganja. Alipomeza, uso ulikuwa mwekundu. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Katika nyumba hii hakuna kufuli. Kama watu wake wanadhani namnyima chakula, khalas, nendeni naye." Akaingia ndani akafunga mlango. Biriani imebaki mezani mpaka ikapoa.

Tangu jana hajanisemesha. Chakula cha mchana nimekula peke yangu. Kama atanirudisha nyumbani, nitarudi, nitafanya nini? Lakini nitarudi nusu ya safari, Mama. Kipimo ni mwezi ujao. Huko nyumbani mtaa mzima utaleta visahani nishibishwe mpaka mashavu yarudi, na mimi sitaweza kukataa hata kimoja, unajua desturi yetu. Halafu sukari itaingia ndani ikae.

Nambie tu kwa nini hukuniuliza mimi.

Swafiya


Kibokoni
4 Juni 2025

Swafiya mwanangu,

Waaleikum salaam warahmatullah. Nimesoma. Nimesoma tena. Usiku sikulala.

Umeniuliza kwa nini, nami nitakujibu. Wewe ulikuwa Dubai tayari baba yako alipoanza kukonda. Hukuona. Mimi niliona. Kwanza kanzu ikamlegea mabegani. Kisha pete ikawa yamtoka akitawadha. Watu wakimwambia mashallah umekuwa kijana, naye anafurahi, na mimi namwona anapungua machoni pangu kila Ijumaa. Sukari ndivyo ilivyomla. Sasa wewe unaniandikia daktari ameona sukari, kisha unaniletea picha, dera langu limekulegea mabegani vile vile, na unacheka. Ningekuuliza nini? Niliogopa jibu. Ilikuwa rahisi zaidi kumkasirikia mwanamke wa watu nisiyemjua.

Bi Hilwa alisema unanyimwa chakula, nikayashika maneno yake. Huo ndio ukweli.

Nimempigia Badawi. Kesho atarudi hapo, atagonga mlango kwa adabu, na atamwomba radhi mama huyo kwa niaba yangu na yake. Nimemwambia asipofanya hivyo asinihesabu dada. Na akishamaliza akupeleke kwa daktari mwingine, ambaye wewe na Badawi mtamchagua. Si kwa kuwa namshuku Madam wako. Nataka moyo wangu utulie. Kama huyo naye atasema endelea, basi endelea, na mimi sitasema kula tena.

Mamako


Al Twar
14 Julai 2025

Mama, Mama, Mama,

Assalaam aleikum, hujambo, presha hujambo, goti hujambo, nyote hamjambo. Nimemaliza salamu.

Imerudi. Sukari imerudi ilikotoka. Leo asubuhi daktari wa kwanza, yule mama wa Kihindi, ameangalia majibu, akayatazama tena, akageuza kompyuta yake nione mwenyewe. Iko katika hali ya kawaida kabisa. Hakuna vidonge. Amenishika mkono akasema nisiache, maana mlango ule mtu akiuacha wazi inarudi. Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi za kliniki na joto lote hili la Julai, nikalia, na mlinzi akaniletea maji akidhani nimefiwa. Nikamwambia sikufiwa, nimepona.

Yule daktari wa Mjomba alishasema vile vile mwezi uliopita: endelea, ila asikae na njaa akisikia kizunguzungu. Mjomba alimuuliza maswali mpaka daktari akamuuliza yeye uzito wake. Hakupenda.

Na ile siku ya kuomba radhi sikukuandikia kwa urefu, sasa nakuandikia. Alikuja na halua ya Lamu, boksi zima. Fikiria, Mama, kuwapelekea halua watu wawili waliokatazwa sukari. Madam alimsikiliza amesimama. Mjomba akamwambia, "Dada yangu ameshazika mume kwa maradhi haya. Aliogopa, nami nilikuwa mjinga." Madam akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema mume wake mwenyewe alikufa kwa moyo, na yeye pia usiku huogopa. Ilikuwa karibu saa sita. Akasema, "Yalla, kaa, wakati umefika," akampakulia kwa mkono wake. Mjomba alikula samaki wawili na akalegeza mshipi. Akatuuliza hizo saa tunazihesabu vipi.

Sasa anafunga naye. Analalamika sana, lakini anafunga.

Na Madam amenipa likizo. Ndege yangu ni tarehe kumi Agosti, natua Mombasa asubuhi saa mbili. Niandikie haraka, nieleze utanipokeaje, nimeshachanganyikiwa kwa furaha.

Mwanao mzima,
Swafiya


Kibokoni
16 Julai 2025

Swafiya wangu,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nilisujudu pale pale nilipoisoma, kati ya meza na mlango. Alhamdulillah. Kisha nikaenda kwa Bi Hilwa nikamsomea yote, na sehemu ya sukari nikamsomea mara ya pili kwa sauti, yeye ndiye asiyesikia sasa.

Msalimie Madam Sundus. Mwambie kuna mwanamke Mombasa anamwombea kila baada ya sala, na aache tende.

Waniuliza nitakupokeaje. Kila mtu ameniuliza. Mtaa mzima umeshagawana: huyu ataleta vitumbua, yule mkate wa sinia, Bi Fauziya ameapa atakuja na mkate wa mofa moto moto. Nimewaambia walete, sitamvunja mtu moyo. Vitapokewa vikiwa vimefunikwa, vitawekwa mezani, na havitafunuliwa mpaka adhuhuri iadhiniwe. Atakayekulazimisha kabla ya hapo atanikuta mimi.

Kwa hivyo utafika saa mbili, na mbele yetu ni asubuhi nzima. Tangu nikuzae, Swafiya, sijawahi kukukaribisha bila kukutilia kitu mkononi. Nitaketi tu nikutazame. Sijui mikono hii nitaiweka wapi. Njoo.

Mamako