Uso wa Umaru Kwenye Karatasi ya Kale

Ijumaa, 20 Aprili 1979
Wamemchukua mume wangu Umaru. Saa nne asubuhi, hapa dukani Jinja, akipigilia fremu ya picha aliyoileta Mwalimu Enos. Askari watatu wa serikali, wanawakimbia Watanzania. Afande akauliza nani anajua kuendesha lori. Umaru kanyamaza. Mimi nikasema anajua. Mimi! Niliona bunduki, nikadhani ukimya utamuua. Wameelekea Mbale.

Jumatatu, 23 Aprili
Jana Watanzania wameingia. Watu walishangilia barabarani, halafu wakavunja maduka. Letu pia. Vioo, mbao, hata picha ya harusi yetu — walitaka fremu. Sina tena picha ya Umaru hata moja.
Ya Mwalimu imebaki sakafuni, karatasi tu bila fremu, imekanyagwa pembeni. Haina rangi, nani aitake? Mtu mwenye ndevu amekaa juu ya jiwe, nyuma yake miti, mto, milima. Mistari myembamba kama nywele. Mwalimu kaja kuiangalia. Anasema ilichapwa Ulaya zaidi ya miaka mia nne iliyopita, kwa bamba la shaba. Padri mmoja alimwachia. Nikamwambia, Mwalimu, paji hili, pua hii — ni Umaru kabisa. Akaikung'uta vumbi. Kisha: ichukue, Mama, ukamtafute nayo.

Jumanne, 8 Mei
Mbale. Nimefikia kwa wifi yangu Nambozo. Tumezunguka soko zima na karatasi: mmemwona mtu wa sura hii? Wanacheka. Mzungu huyo! Mmoja akauliza jina. Umaru? Jina la Kiislamu, basi ni mtu wa hao askari waliokimbia, mwacheni huko huko. Nambozo akanivuta tukaondoka.
Dereva wa Kenya, Odhiambo, hakucheka. Aliona lori la jeshi limepinduka njia ya Tororo. Raia wawili walitolewa ndani, mmoja hai. Yupi? Pole shemeji, akasema, sijui. Walipelekwa hospitali hapa Mbale.
Nambozo hajui ni nani aliyewaambia askari kwamba Umaru anajua kuendesha. Sijamwambia.

Jumatano, 9 Mei
Hospitali. Muuguzi Nabifo hakuitazama karatasi — watu wengi mno. Wanaotafuta wagonjwa, mlango wa kushoto. Wanaotafuta maiti, kulia. Nambozo kakimbilia kushoto. Mimi miguu imenileta kulia. Nimekaa chini kwenye foleni, naandika.
Nambozo amerudi mlangoni, anapiga kelele: Mariat, njoo! Kuna mwanamume uso umefungwa bendeji wote, hasemi, njoo umtambue!
Akiwa ni yeye, ataniuliza kwa nini nilimjibu afande.
Mbele yangu wanawake wawili. Nambozo anaita tena, sasa analia. Siinuki. Mmoja ameingia. Amebaki mmoja.